Niliandika "kata", mama akakata shamba lote

Leo siji na habari ya mbegu wala ya mbolea. Nataka tuongee juu ya neno moja dogo: kukata. Tunakata nyama, tunakata miti, tunakata nywele, tunakata tiketi, tunakata simu, tunakata kesi, tunakata kiu, na siku zingine tunakata tamaa. Neno hili tunalitumia toka asubuhi mpaka usiku bila kulifikiri. Mimi liliniletea aibu mbele ya watu, na mbaya zaidi lilimwondolea mama mmoja shamba lake la migomba. Toka ile siku nimekuwa nikitafuta historia yake, sawa mtu aliyeibiwa mbuzi anavyofuata alama za kwato.

Mambo yalikuwa hivi. Nilipomaliza licence ya agronomia, nilipata kazi ya miezi michache ku shirika moja lililokuwa likifundisha wakulima kupambana na ugonjwa wa migomba. Jina la shirika tuliache, kosa lilikuwa langu. Ugonjwa wenyewe wengi wenu munaujua. Majani yanageuka manjano na kulegea sawa yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukiipasua moja, ndani ni kahawia. Ukikata shina, maji mazito ya manjano yanatoka polepole. Wanasayansi wanauita mnyauko wa bakteria, na bakteria yenyewe wanaiita Xanthomonas. Mu 1968 waliandika habari zake Ethiopia, ku mmea wa ensete ambao ni ndugu ya mgomba. Mu 2001 ukaonekana Uganda, na mwaka ule ule Masisi, Kivu ya Kaskazini. Toka pale ulishuka kusini, shamba kwa shamba, mpaka huku kwetu.

Kitabu cha mafunzo kilikuwa cha Kingereza. Mkubwa wangu aliniita akasema: wewe kijana unajua Kingereza kidogo, tutengenezee karatasi moja ya Kiswahili, fupi, watu waelewe. Nilikaa usiku mmoja na taa ya sola nikaitengeneza. Mu kitabu kulikuwa "cut down", "cut off", "cut back", "chop", "remove", "uproot". Mimi kila mara niliandika kata. Kata mgomba wenye ugonjwa. Kata ua. Kata machipukizi yaliyogonjeka. Kata vipande vipande. Nilijisikia mtu wa maana sana. Karatasi ilikuwa fupi kweli.

Nilichopaswa kuandika ni kitu kingine kabisa. Zamani wataalamu walikuwa wakisema: shina moja likigonjeka, ng'oa kituta kizima, mama na watoto wote. Kazi ile ni ngumu sana, na wakulima wengi waliikataa. Halafu utafiti ukaonyesha kwamba bakteria haifiki kila mara ku mashina yote ya kituta kimoja. Kwa hiyo inatosha kuondoa lile shina moja linaloumwa, usawa wa udongo, na kuacha wenzake. Ukirudia vile kila unapoona dalili, ugonjwa unapungua na shamba linabaki. Na lile ua la dume, ile ncha nyekundu inayoning'inia chini ya mkungu, haliondolewi kwa panga hata kidogo. Unachukua mti wenye panda, unalikamata, unazungusha mpaka livunjike. Juu ya nini? Juu panga njo gari ya ugonjwa. Linabeba maji ya mgomba mgonjwa na kuyapeleka ku mgomba mzima. Ndiyo maana lazima upitishe panga mu moto ao mu javel kila unapotoka ku shina moja kwenda ku lingine.

Sasa muone vile karatasi yangu ilivyokuwa. Kitendo cha kuvunja niliita kata. Kitendo cha kuondoa shina moja niliita kata mgomba. Na kwa mtu wa kwetu, mgomba ni shina moja ao ni kituta kizima? Ni vyote viwili.

Baada ya wiki tatu nilirudi. Mama mmoja, mjane, alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Vituta karibu 40 vilikuwa vimelala chini, vizima na vigonjwa, vyote. Alikuwa amevikata kwa siku mbili na panga moja, bila moto. Kasiksi iliyokuwa ikitoka mu ile migomba ndiyo ilikuwa ikilipa minerval ya watoto. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mwanangu, karatasi yako ilisema kata. Tukakata."

Nilianza kujieleza. Jirani yake, muzee mmoja aliyerudi kutoka Nyarugusu, alikuwa ameegemea uzio akisikiliza. Akaniuliza: "Sasa agronome, wewe ulitaka tufyeke, tupogoe, tuteme, ao tung'oe?"

Nilinyamaza. Ku chuo nilijifunza kwa Kifaransa "tailler", "élaguer", "recéper", "rabattre", "faucher", "abattre". Nilipata pointi nzuri mu mtihani juu ya tofauti zake. Lakini mu Kiswahili, lugha ninayoongea na mama yangu, nilikuwa na neno moja. Yule muzee ambaye hakumaliza hata shule ya msingi alikuwa na manne, na alijua lipi ni la jani, lipi la tawi, lipi la shina, lipi la mzizi.

Wale wasiojua habari za Nyarugusu: ni kambi ya wakimbizi mu mkoa wa Kigoma, Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu. Ilifunguliwa mu 1996, wakati vita vilipoanza, na watu wengi wa Fizi walikimbilia kule. Wengine walikaa miaka 10, wengine 20. Wamerudi na watoto waliozaliwa kule, na wamerudi na Kiswahili cha kule. Sisi tuliobaki tuliwacheka sana kwa ajili ya kile Kiswahili chao, kwamba wanaongea sawa redio. Mimi pia nilicheka. Ile siku sikucheka.

Nilienda kwa yule muzee jioni tatu, na daftari. Alinifundisha hivi. Kufyeka ni kukata majani na vichaka, kwa haraka, karibu na udongo, sawa wanafunzi wanavyofanya salongo na kupekupe mu uwanja wa shule. Usipopalilia baadaye, majani yatarudi, na kila mtu anajua. Kupogoa ni kuondoa matawi ili mti uendelee vizuri, kwa hiyo anayepogoa anautaka mti. Kutema ni kupiga kwa shoka ao panga, mti mgumu, vipande vinaruka. Kuchanja ni kupasua kuni, na pia ni kutia kovu dogo mu ngozi. Ndiyo maana sindano ya mtoto ya surua inaitwa chanjo: mu zamani dawa ilikuwa ikipitia mu mikwaruzo ya ngozi. Kuchonga ni kuondoa kidogo kidogo mpaka sura itoke, mtumbwi ao kinu. Kuchinja ni kwa shingo tu, na ni kwa kula. Kupasua ni kufungua, na mganga wa hospitali anapasua mtu ili amponye. Kugema ni kumtia mnazi ao mngazi kidonda kidogo cha kila siku ili utoe pombe bila kufa. Aliongeza mwenyewe: "Ukigema vibaya, umekata."

Hapa njo nilianza kuona kitu. Haya maneno hayatofautiani kwa sababu ya kisu. Panga moja linaweza kufyeka, kupogoa na kutema. Yanatofautiana kwa swali moja: kitu kilichokatwa kitakuwaje kesho? Kitachipuka, kitatoa maji, kitaliwa, kitakufa, ao kitapona? Neno kukata peke yake linakuambia kuna kisu. Halikuambii habari ya kesho.

Na Kingereza? Wengi tunaamini Kingereza ni tajiri juu wazungu walifikiri sana. Nimesoma historia yake kidogo, na si hivyo. Kilikusanya maneno sawa mtu anavyokusanya madeni. Zamani sana Waingereza walikuwa na neno moja la kukata kwa jumla, nalo ni "carve". Kisha kati ya miaka ya 1200 na 1300 likaanza kuonekana mu maandishi neno "cut", ambalo wataalamu wengi wanafikiri lilitoka kwa watu wa kaskazini, Scandinavia. Hili jipya likala kazi yote ya lile la zamani. Leo "carve" limebaki na nyama ya mezani na mbao za kuchonga tu. Neno lililokuwa bwana wa nyumba limepewa chumba kimoja cha nyuma.

Tena mu 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Wakulima waliendelea na maneno yao ya shambani: "mow" kwa majani, "reap" kwa ngano, "hew" kwa shoka, "shear" kwa manyoya ya kondoo. Mabwana wapya walikuja na bustani zao na jikoni zao, na maneno yao yakaingia baadaye kupitia Kifaransa: "prune" kwa kupogoa, "slice" kwa kipande chembamba, "mince" kwa nyama iliyokatwakatwa. Kwa hiyo utajiri ule ni kovu la kutawaliwa. Jembe liliongea lugha moja, na bustani ya bwana ikaongea lugha ingine, halafu zikaoana.

Kisha Waingereza wanacheza na vineno vidogo. "Cut down" ni kuangusha mti. "Cut back" ni kufupisha ili uchipuke tena. "Cut off" ni kutenga sehemu na mwili wake. "Cut up" ni vipande vipande. Usiku ule na taa yangu ya sola nilifikiri vile vineno ni mapambo. Kumbe maana yote ilikuwa imelala mule. Sisi kazi ile tunaifanya mu mwisho wa kitenzi: katika, katia, katiza, katisha, katana, katakata. Kiswahili hakina upungufu. Upungufu ulikuwa mu mimi, na nilijiuliza ulitoka wapi.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wanasema kata, tema na chinja ni maneno ya kale sana, yalikuwepo mu lugha ya mababu mbele hawajasambaa. Tema lina historia ya kupendeza. Ng'ambo ya ziwa, Wanyamwezi na Wasukuma walimwita mfalme wao mtemi. Mirambo wa Urambo, aliyekufa mu 1884, alikuwa mtemi. Wengi wanaeleza kwamba jina linatoka ku kutema, na kuna maelezo mawili. La kwanza: mtemi ni yule aliyetangulia kufyeka pori ili watu wajenge. La pili: mtemi ni yule anayekata kesi. Mimi sioni sababu ya kuchagua. Aliyefungua ardhi njo anayeulizwa mpaka uko wapi. Leo ukimwambia kijana "tema", anafikiri mate. Neno lililomvika mtu ufalme limebaki na mate na kuni, sawa vile "carve" ilivyobaki na nyama.

Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya pembe na watumwa, mu karne ya 19. Kutoka Ujiji walivuka ziwa, wakapanda milima, wakaenda Kabambare, wakafika Kasongo na Nyangwe. Kabambare si mbali na hapa ninapoandika. Mu msafara kulikuwa watu wa lugha nyingi sana, na lugha ya msafara inataka maneno machache yanayofanya kazi nyingi. Kisha Wabelgiji walikamata ile lugha ya njia wakaifanya lugha ya amri. Mtafiti Johannes Fabian aliandika kitabu mu 1986 juu ya namna Kiswahili kilivyotumiwa mu Kongo ya Mbelgiji, na vitabu vidogo walivyopewa wazungu ili wajifunze vilijaa amri: leta, beba, fanya, kata. Mtu anayeamuru hana haja ya kutofautisha kupogoa na kutema. Atanyoosha kidole. Mengine ni ya mwenye kisu. Mimi naona pale njo maneno yetu mengi yalianza kulala, ingawa vita na shule za Kifaransa zilisaidia pia.

Kuna mahali historia ya neno hili inanukia damu, na sitaipita. Kutoka 1885 mpaka 1908, Kongo ilikuwa mali ya Léopold II. Mu misitu ya Équateur watu walilazimishwa kuleta mpira wa kamba za porini. Kamba ile inapaswa kugemwa: unaijeruhi kidogo, utomvu unatoka, unaiacha ipone. Lakini ukiwa na kipimo cha kutimiza na askari mlangoni, unakata kamba nzima, unaikamua, unakimbia kutafuta ingine. Kamba za karibu zikaisha, watu wakaenda mbali zaidi, kipimo hakikupungua. Na askari waliodaiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi walikata mikono ya watu. Roger Casement alisafiri kule mu 1903, na ripoti yake ilitoka mu 1904. Kila ninaposoma habari zile naona zilianza na kugema iliyogeuzwa kukata, kwanza ku kamba, kisha ku mtu.

Baada ya Léopold ilikuja serikali ya Ubelgiji, na na yeye alikuja mtu mmoja anayenihusu: agronome. Mu 1917 waliweka sheria ya kulima kwa lazima. Pamba ililimwa kwa kulazimishwa, na mwisho wa msimu miti yake ilipaswa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasibaki. Aliyekuwa akipita kukagua ni agronome na wasaidizi wake. Asiyefanya alilipa faini ao alifungwa. Babu yangu alikuwa akituambia kwamba wakisikia agronome anakuja, watu walikuwa wakiogopa kuliko wakisikia simba, juu simba hana daftari. Nilikuwa nacheka ile hadithi. Nilipochagua agronomia ku chuo, babu aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema: "Sawa, lakini usitembee na fimbo."

Sikutembea na fimbo. Nilitembea na karatasi yenye logo, iliyosema kata, kata, kata. Nilimuuliza yule mama, siku nyingine, kwa nini hakuuliza mtu mbele ya kukata shamba zima. Alinishangaa. "Agronome akiandika kata, mimi nitauliza nini?" Mu kitabu cha Kingereza, maneno yale yalikuwa shauri. Mu Kiswahili changu yaligeuka amri ya 1917, na mimi sikusikia.

Kwa upande wa serikali, na yenyewe inapenda kukata. Mu Tanzania eneo la diwani linaitwa kata, kipande kilichokatwa. Sisi tunasema secteur, na Fizi iko na nne: Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, ambamo Lulimba iko. Hizi secteur zilipata sura yake mu sheria ya Desemba 1933. Neno lenyewe linatoka ku kitenzi cha Kilatini cha kukata, kile kile kilichozaa sécateur, makasi yetu ya kupogolea. Nilipogundua vile nilicheka peke yangu. Secteur na sécateur ni ndugu wa tumbo moja. Mu 1988 walikata Kivu ya zamani vipande vitatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mu 2015 nchi ikatoka majimbo 11 ikawa 26, na Katanga, jirani yetu wa kusini, ikawa vipande vinne. Watu wa hapa wanasema tu "walikata jimbo". Ulipogoa ao ulitema? Kila mtu ku bar iko na jibu lake, na mara nyingi linategemea kama makao makuu yalienda ku kijiji chao.

Na barabara. Ukisema kwa Kiswahili cha hapa "walikata barabara", hatujui kama unasifu ao unalia. Katapila likipasua mlima ili gari ipite, limekata barabara. Waasi wakiweka kizuizi ili gari isipite, wamekata barabara. Mu 1965, wakati wa Simba, Che Guevara alikuwa mu milima yetu kutoka Aprili mpaka Novemba. Walimpa jina la Kiswahili, Tatu, na mu maandishi yake Lulimba inaonekana mara nyingi, juu jeshi la serikali lilikuwa na watu hapa na waasi walitaka kufunga njia. Wazee wanaokumbuka ile miaka, ukiwauliza nani alikata barabara, wanakuuliza kwanza: kuifungua ao kuifunga? Wao walijifunza kuuliza. Leo mvua ikinyesha sana tunasema barabara imekatika, na pale hakuna mwenye kosa, kitenzi kimemficha. Naona hiyo katika inawafurahisha watu fulani wanaopewa pesa za barabara, lakini tuache.

Nirudi ku karatasi. Niliiandika upya, na safari hii sikuandika peke yangu. Nilikaa na yule muzee, na yule mama, na vijana wawili waliozaliwa Nyarugusu. Tulifanya hivi: ninasoma sentensi, kisha kila mtu anasimama mbele ya mgomba na kuonyesha kwa mkono angefanya nini. Mikono ikitofautiana, sentensi imekufa. Sentensi ya kwanza ilikufa mara tano. Tulibishana nusu saa juu ya neno kituta, juu wengine wanasema shina, wengine wanasema familia ya mgomba, na mwishowe tulichukua familia, juu hakuna mtu atakayeua familia nzima kwa sababu mtoto mmoja anaumwa. Neno kata lilibaki mara moja tu: "Kata lile shina moja linaloumwa, usawa wa udongo, acha ndugu zake wasimame." Kwa ua tuliandika "zungusha kwa mti wenye panda mpaka livunjike, usiguse kwa panga". Kwa vipande tuliandika "katakata, rundika mbali na shamba". Na panga "lipitishe mu moto" tuliliandika mara tatu, hata kama mkubwa wangu alisema karatasi inakuwa ndefu.

Shirika lilimaliza mradi wake na kuondoka, sawa kawaida. Mimi nilibaki, juu nilizaliwa hapa. Mu shamba la yule mama, vituta vingine vilichipuka, na ku machipukizi yale mengine yalikuwa safi na mengine yalinyauka, kwa sababu ya lile panga lililopita kila mahali bila moto. Sehemu kubwa ameipanda mihogo. Ku upande wa mto amebakiza vituta tisa, na kila Jumamosi asubuhi anavizunguka akiwa na mti wenye panda begani. Mwezi uliopita nilipita pale na daftari. Aliniangalia, akanionyesha mkungu mmoja mchanga, ua lake bado linaning'inia.

"Hili," akasema, "nalivunja leo ao nangoja chane ya mwisho itoke?"

Nikamwambia tungoje chane ya mwisho. Akauliza ni siku ngapi. Tukakaa chini ya mgomba, tukaanza kuhesabu chane.